Waiteni Vijana Ukuta Ukiwa Bado Mtupu

Kwa waheshimiwa mnaosimamia utamaduni, vijana na mipango ya miji katika Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Kwa Bodi ya Manispaa ya Malindi. Na kwa wawakilishi wetu wa wadi.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni fundi wa vibao hapa Malindi. Naandika majina ya maduka na mikahawa, maneno ya nyuma ya tuktuk, na mara mojamoja napata kazi ya kuchora ukuta wa shule au wa zahanati. Sina cheo chochote. Ila kuta za mji huu nazijua, nyingi nimezipiga msasa kwa mkono wangu, na nina jambo moja la kuwaomba.

Michoro na sanamu za umma zinapowekwa mjini kwetu, vijana huitwa mwisho. Huitwa siku ya kukata utepe, wakavishwa fulana za rangi moja, wakapangwa mstari mbele ya ukuta, wakapigwa picha. Naomba waitwe mwanzo. Ukuta ukiwa bado mtupu, wakae vikundi vidogovidogo, wazungumze wanachotaka kukiona kila siku wakipita, na watakalokubaliana liwe na nguvu ya kuugeuza mchoro, hata kuukataa.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mtu mwenye fedha za mradi anakuja na picha tayari kwenye simu. Fundi anaulizwa maswali mawili: utachukua ngapi, utamaliza lini. Picha zenyewe twazijua: twiga, jahazi, mnazi, mnara wa Vasco da Gama, na viganja viwili vimeshikana kuashiria amani. Sina ugomvi na twiga. Malindi ilimpeleka twiga kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415, na hiyo ni hadithi ya kujivunia. Lakini mwulize kijana wa Muyeye au Kisumu Ndogo yule twiga pale ukutani ni wa nani, atakwambia ni wa watalii. Mwaka haujaisha, tangazo la mganga wa mapenzi limeshabandikwa shingoni mwa twiga, na picha ya mgombea imebandikwa juu ya mganga, wala hakuna anayebandua. Abandue nani? Hakuna aliyeulizwa, basi hakuna mwenyewe.

Mji wetu una uzoefu mrefu wa kuwekewa vitu. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, mfalme wa Malindi akampokea vizuri, na Wareno wakasimamisha nguzo yao yenye msalaba uliochongwa kwa jiwe la Lisbon. Wasimulizi wa historia ya mji husema nguzo ya kwanza ilikuwa karibu na nyumba ya mfalme, wenyeji Waislamu hawakuridhika nayo, ikaondolewa, na baadaye ikajengwa kule rasini inakosimama sasa. Kama ndivyo, basi huo ulikuwa mjadala wetu wa kwanza kuhusu sanaa ya umma, na ulifanyika kazi ikiwa imeshakwisha. Hatujaacha mwendo huo.

Wala si kwamba hatuna desturi ya kuamua pamoja. Wagiriama wanapomsimamishia marehemu mzee wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, kigango chake, yaani nguzo ya mbao iliyochongwa ya kumkumbuka, si mchongaji anayeamka asubuhi akaamua. Familia huketi, wazee wa gohu huketi, kuna gharama za kutimizwa na adabu za kufuatwa. Kikishasimama hakichezewi, kinaachwa palepale mpaka mchwa na mvua vikimalize. Wezi walioanza kuving'oa vigango na kuviuza ng'ambo waliona mbao zilizochongwa vizuri, basi. Viwili vilivyoibwa kwa familia moja katika miaka ya 1980 vilirudi kutoka makumbusho ya Marekani mwaka 2007, na vingine vimerejeshwa baadaye.

Nalitaja hili kwa sababu maalumu. Umbo la kigango limekuwa pambo. Utaliona kwenye baa, kwenye malango ya hoteli, kwenye vibao, na mimi mwenyewe huletewa picha yake na wateja niichore. Sasa chukua kijana wa Ganda ambaye babu yake ni mtu wa gohu, mkalishe kikundi kimoja na kijana wa Shella ambaye hajawahi kulisikia neno hilo, uwape wazo la kuweka vigango vya saruji kwenye mzunguko wa barabara. Wazo lile laweza kufia hapohapo kwenye mkeka kabla halijamwudhi mtu wala kula shilingi. Ningeuhesabu huo kuwa mjadala uliofaulu sana. Ofisini kazi hupimwa kwa michoro iliyokamilika. Naomba tuhesabu pia ile iliyozuiwa kwa sababu nzuri.

Sheria iko upande wetu na sitaikalia sana, maana mnaijua kuliko mimi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti, na limewapa pia jukumu la kuratibu ushiriki wa jamii katika uongozi wa mashinani. Kifungu cha 55 kinataka vijana wapate nafasi ya kushiriki katika siasa, jamii na uchumi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na karibu robo tatu yao walikuwa hawajafika miaka 35. Kwa hiyo mtu akisema “tuliwaita wananchi” na ukumbini hapakuwa na kijana, ajue aliita sehemu ndogo ya wananchi.

Roger Hart, aliyeandika kuhusu ushiriki wa watoto kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992, alipanga ngazi ya vipago vinane. Vitatu vya chini kabisa alisema si ushiriki hata kidogo. Na kimojawapo kati ya hivyo vitatu, cha pili kutoka chini, alikiita mapambo: watoto wamevalishwa fulana, wanaimba kwenye hafla ambayo hawajui imeitishwa kwa nini. Mimi ni mtu wa mapambo, hilo lilinichekesha.

Sasa niseme jinsi ninavyotaka vikao hivi viwe, kwa sababu hapa ndipo jambo linapoharibika hata pale penye nia njema.

Kwanza, usiwe mkutano wa hadhara. Viti vya plastiki mia mbili, kipaza sauti, meza kuu yenye kitambaa: hapo watazungumza wanaozungumza siku zote. Kijana ataomba nafasi, ataambiwa afupishe. Kikundi kiwe cha watu wanane au kumi, wakae duara, chini ya mwembe au maskanini kwao, na kabla ya kukaa watembee wote mpaka kwenye ukuta wenyewe waushike. Wasichana wawe na kikao chao kwanza, peke yao, kisha wachanganyike na wavulana. Sisemi hivi kwa kuwatenga. Katika vikao vilivyochanganywa tangu mwanzo nimeona msichana akifungua mdomo, akakatizwa, na akawa amefunga hesabu siku hiyo.

Anayeongoza asiwe chifu, wala mwalimu mkuu, wala mchoraji atakayelipwa. Chifu ataogopwa, mwalimu atapewa majibu ya mtihani, na sisi wachoraji, niwe mkweli, huvuta kila maneno yaelekee kwenye kitu tunachokimudu. Aongoze kijana aliyefunzwa kuuliza na kunyamaza. Lugha iwe Kiswahili na Kigiriama, kila mtu aseme kwa ile anayofikiria nayo.

Saa nazo ni sehemu ya mjadala. Kikao cha saa nane mchana katikati ya wiki kimemfukuza mwanafunzi, na dereva wa tuktuk anayedaiwa hesabu na mwenye chombo hataacha abiria aje kuzungumzia rangi. Baada ya alasiri panafaa, na mambo yaishe mapema msichana awe amefika kwao kabla ya magharibi. Wavuvi waulizwe kulingana na maji. Kwa walio chini ya miaka 18 pawe na idhini ya mzazi, kwa maandishi. Katiba huanza kumhesabu kijana akifika 18, lakini mtoto wa miaka kumi na minne hupita mbele ya ukuta ule kila siku kwenda shule na ana mengi ya kusema juu yake. Na watu wapewe nauli, maji, chai na mahamri. Vikao vyote vya mtaa mmoja havifiki bei ya ndoo chache za rangi nzuri, kwa hiyo kisingizio cha bajeti sikikubali.

Halafu swali. Ukimwuliza kijana “unataka mchoro gani?” atakujibu twiga, kwa kuwa ndiye ameonyeshwa maisha yake yote kwamba ndiye mchoro. Uliza vingine. Hapa pamewahi kutokea nini? Nani hupita hapa usiku, na anaogopa nini? Mgeni wako akija humwonyeshi nini? Kitu gani cha mtaa huu kitakuwa kimepotea ukifika umri wa baba yako? Kijana mmoja wa Ngomeni aliwahi kuniuliza, nikiwa juu ya ngazi naandika kibao cha duka, mbona Malindi yote haina ukuta wenye roketi. Nikadhani ni mzaha wa filamu. Kumbe anazungumzia kwao. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililoko baharini mbele ya Ngomeni ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru. Jina la Kiswahili liliruka kutoka ufukweni mwetu, na sisi tunachora minazi. Hilo hukulipata kwa mshauri wa mradi, ulilipata kwa kijana aliyesimama chini ya ngazi.

Kutakuwa na ubishi, na ubishi uachwe uishe wenyewe. Malindi kuna familia ambazo hazitaki sura ya mtu wala mnyama ichorwe ukutani, hasa karibu na msikiti. Kuna vijana watakaosema bila sura za watu mchoro haujasema kitu. Nimewahi kusikia mabishano haya yakizimwa na mtu mzima kwa kusema “tuchoreni maua basi”, kila mtu akaenda nyumbani na kinyongo chake. Wangeachwa wakaendelea, wangefika kwenye mambo ambayo fundi yeyote wa pwani anayajua: nakshi za milango, herufi, mistari ya kanga, kivuli cha mashua bila mtu ndani. Au wangekubaliana ukuta huu hivi na ule wa stendi vingine. Huwezi kujua watafika wapi, na kama mnajua tayari hamna haja ya kuwaita.

Mahali fulani katikati ya vikao fundi naye aitwe, aseme ya ukuta. Nyumba za kale za Shella zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukiupaka rangi ya mafuta, au ukauziba kwa saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, na baada ya muda plasta inavimba na kubanduka pamoja na mchoro wako. Ukuta kama huo unataka chokaa na rangi inayopitisha hewa, au usiguswe kabisa. Vijana wakiujua ukweli huu mapema watabuni kitu kinachouafiki: mbao zinazotundikwa, sakafu, viti vya kukalia, hata sauti. Sanaa ya umma si lazima iwe rangi. Mekatilili wa Menza, ambaye leo ana sanamu mjini kwetu, alipowakusanya Wagiriama mwaka 1913 wakatae kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza, watu waliitwa kwa ngoma ya kifudu. Kwanza palichezwa, ndipo pakasemwa.

Kikao cha kwanza kikiisha, mchoraji aende akachore rasimu tatu au nne za penseli, azirudishe kwa vikundi vilevile. Kikao cha pili hiki ndicho hurukwa kila mara, na bila hicho cha kwanza kilikuwa mazungumzo tu. Vijana waone maneno yao yamegeuka kuwa nini, wafute, waongeze. Na kila wazo lililokataliwa na ofisi lijibiwe kwa maandishi, kwa mistari miwili mitatu, bango likabandikwa mtaani: mlisema hivi, hatukufanya, sababu ni hii. Kijana anaweza kuvumilia kukataliwa. Kunyamaziwa ndiko kumemfundisha asije tena.

Haya si ndoto zangu mimi peke yangu. Huko Los Angeles, Marekani, kuna mchoro kando ya mfereji wa maji ya mafuriko, kazi iliyoongozwa na mchoraji Judy Baca. Walianza kuupaka mwaka 1976, wakarudi majira kadhaa ya kiangazi mpaka miaka ya 1980, na umefika karibu nusu maili. Vijana wapatao 400 waliushiriki, baadhi yao wakiwa wameletwa na idara za watoto waliokosana na sheria. Kabla ya kupaka waliketi na wanahistoria na wazee wa jamii zao, na kazi ilipangwa ili vijana wa mitaa na asili tofauti washughulikie kipande kimoja. Sisi hatuhitaji nusu maili. Tuna kuta za soko, za viwanja vya shule, za stendi, na za barabara ya kwenda ufukweni.

Waheshimiwa, kuna jambo zito zaidi ambalo nimesita kuliweka humu, nami naliweka. Shakahola iko katika kaunti yetu hii hii. Tangu 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka kufa imefukuliwa katika msitu ule, ikiwemo ya watoto wengi, na serikali ilisema pale patafanywa mahali pa ukumbusho wa kitaifa. Ukumbusho ni sanaa ya umma. Siku moja mtu atachora ramani yake, atachagua jiwe, atachagua maneno. Naomba sana isije ikawa picha iliyokuja tayari kwenye simu. Wako vijana waliookolewa pale, wako waliopoteza ndugu, na wako vijana wa vijiji vya jirani ambao jina la kwao limegeuka jambo la kunong'onwa wakitafuta kazi Mombasa au Nairobi. Wote hao wana haki ya kuulizwa kama wanataka sanamu, au bustani, au shule, au wanataka msitu uachwe peke yake. Hapa lakini taratibu nilizozieleza juu hazitoshi. Vikao hivyo viongozwe na washauri wa nasaha waliosomea kazi hiyo, vichukue muda mrefu, mtu awe huru kuondoka katikati bila kuulizwa, na asiwepo mtoto hata mmoja atakayeambiwa achore alichokiona. Wala kamera isiingie. Kama haya hayawezekani kwa sasa, basi ukumbusho usubiri.

Ninachoomba kwenu ni chepesi kulinganisha na hilo. Kila fedha ya umma itakayotoka kwa ajili ya mchoro, sanamu au mnara ndani ya manispaa, isitoke mpaka pawe na kumbukumbu za vikao viwili vya vijana wa mtaa husika, na saini zao zikiwa zimekubali rasimu. Wafadhili binafsi wanaotaka kutumia ukuta wa umma wafungwe na sharti hilohilo. Rasimu ikikataliwa, fundi alipwe kazi ya penseli aliyoifanya, asije akawashawishi vijana wakubali kwa sababu ya njaa yake. Tuanze na ukuta mmoja katika kila wadi kati ya hizi tano, Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella, na kila wadi iende kwa mwendo wake. Jilore si mjini, na watakachokitaka huenda kisiwe ukuta.

Wakati mzuri ni likizo ya Agosti, wanafunzi wakiwa nyumbani. Rasimu zitengenezwe Septemba, zirudishwe kwa vikundi, zibishaniwe, na mvua za vuli zitukute tukiwa bado kwenye karatasi. Rangi iguse ukuta Januari au Februari, kaskazi ikivuma na kuta zikiwa kavu. Ukipaka wakati wa masika ni kumpa mvua hela yako. Mkianza kuwatafuta vijana Desemba, mtakuwa mmeshachelewa, na yule twiga atarudi.

Mafundi wa vibao tuko wengi mjini hapa na hatudai posho ya kikao cha kwanza. Mkishapanga siku, tumeni ujumbe kwa wazee wa mitaa na kwa maskani za tuktuk, si kwenye gazeti pekee. Karatasi na penseli tutakuja nazo sisi.

Wenu,
Fundi wa vibao, Malindi